Visiwa Visivyo na Watu Vina Wenyewe

Mtu wa Runazi hakai kando ya ziwa, lakini ziwa si geni kwake. Chato ilipomegwa kutoka Biharamulo katika miaka ya 2000, fuko za Nyamirembe na Muganza zilikwenda nayo. Samaki na habari za ziwa zimeendelea kutufikia kama zamani. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na sasa ni jambo la kawaida kusikia wakubwa wakieleza jinsi mtalii atakavyotoka katika hifadhi hiyo ya bara na kuvuka maji hadi Rubondo. Wazo hilo ni jema, na sisi tunaliunga mkono.

Hata hivyo, hatuna budi kusema jambo mapema. Utalii wa kusafiri kwa mashua huuza vitu viwili popote duniani: kisiwa kisichokaliwa na mtu, chenye ndege na wanyama wake, na meli iliyozama, ambayo mgeni huizamia na kuichungulia. Ziwa Victoria linavyo vyote viwili. Sisi hatuamini kwamba vyote viwili vinafaa kuuzwa.

Tuanze na kisiwa. Rubondo haikuwa tupu tangu kuumbwa kwake. Wazinza waliishi humo, wakivua na kuzika wazee wao, mpaka walipohamishwa katika miaka ya 1960 na kupelekwa katika visiwa jirani na nchi kavu. Mwaka 1965 kisiwa kilitangazwa kuwa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na wenzake walileta humo sokwe 17, wengi wao wakiwa wametoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Wanyama waliokuwa wamezoea kulishwa kwa mkono walifunguliwa makasha, wakaingia msituni, wakazaana. Leo wajukuu wao huwakimbia watu kama sokwe wengine wa porini. Tembo na twiga nao waliletwa kwa mashua. Vifaru pia waliletwa, lakini majangili waliwamaliza.

Hatusemi haya ili watu warudishwe Rubondo. Msitu ule ni mali ya Taifa zima, na maji yanayouzunguka ni mazalio ya samaki ambao hatimaye huingia katika nyavu za wavuvi wa Maisome, Ikuza na Bumbire. Tunachosema ni kwamba kisiwa kilichohamwa kina wenyewe, na wenyewe hao wako hai, ng'ambo tu ya maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Rubondo hataponea darasa moja lililojengwa kwa fedha za ujirani mwema, ingawa darasa hilo tunalishukuru. Ataponea kazi ya unahodha, ya kuongoza wageni na ya kulinda maji.

Jambo hili linawezekana. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, kilihifadhiwa mwaka 1994 kwa idhini ya Serikali ya Zanzibar. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, waliofundishwa kazi hiyo. Na watoto wa shule hupelekwa huko kuyaona matumbawe ambayo wengi wao walikuwa wakiyasikia tu. Tungependa kujua ni watoto wangapi wa Runazi waliokwisha kumwona nzohe wa Rubondo, swala yule apendaye majimaji, ambaye Wazungu husafiri maelfu ya maili kuja kumpiga picha.

Sasa tuje kwenye meli. Huko Unguja wazamiaji hushuka kuitazama Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za simu iliyozama mwaka 1902, na hakuna anayeudhika. Manowari ya Pegasus, iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, nayo ni habari ya vitabuni. Mabaharia wake wamelala kisiwani Chapwani chini ya misalaba, na jamaa waliowalilia wamekwisha kufa. Miaka zaidi ya mia moja imepita.

MV Bukoba si meli ya namna hiyo. Ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebeba watu wengi kupita 430 walioruhusiwa. Walikufa watu zaidi ya 800. Waokoaji walitoboa sehemu ya meli iliyokuwa juu ya maji wakitaraji kuwatoa waliokuwa wakigonga kwa ndani; hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, ikazama kabisa. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, na wengine hawakuonekana. Ni vigumu kupata ukoo katika mkoa wa Kagera usiokuwa na mtu wake katika safari ile. Wajane wa 1996 bado wanakwenda sokoni. Kama siku moja litaletwa ombi la kufungua biashara ya kuzamia mahali pale, tunawataka wakuu wa mikoa ya Kagera na Mwanza walikatae bila kuunda kamati.

Pia tunaomba mahali hapo pawekwe alama majini, ili kila chombo cha watalii kipitacho kipunguze mwendo.

Limebaki jambo moja dogo, na huenda ndilo kubwa. Mgeni aendaye Rubondo huvalishwa jaketi la kuokolea maisha kabla mashua haijang'oa nanga. Mama wa Ikuza anayempeleka mtoto hospitali bara hupanda mtumbwi wa mbao juu ya magunia ya dagaa, na mara nyingi hana kitu kifuani. Ajali ya MV Nyerere huko Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, iliua watu zaidi ya 220 wakiwa karibu kabisa na gati. Sheria juu ya vyombo vya majini ipo, na TASAC wamekabidhiwa kuisimamia. Tunawauliza wahusika: mashua ya mgeni na mtumbwi wa mwenyeji vitakaguliwa lini siku moja, katika mwalo mmoja, na mkaguzi yule yule?