Hesabu Zinazoongoza Sera Zikaguliwe na Wengi

Mwaka 2010 wanauchumi mashuhuri Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Kwa hesabu zao, nchi tajiri ambazo deni lao lilivuka asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na wastani wa ukuaji wa hasi asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kubana matumizi ya serikali waliikumbatia makala hiyo kama hoja isiyopingika.

Miaka mitatu baadaye, Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kurudia hesabu hizo kama zoezi la darasani. Akashindwa. Waandishi walipomtumia jedwali lao la Excel, aligundua kwamba fomula ya wastani iliziruka nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walikosoa pia takwimu za miaka iliyoachwa nje na uzito uliopewa kila nchi. Walipokokotoa upya, hasi asilimia 0.1 ikawa asilimia 2.2. Waandishi walikiri kosa la jedwali, ingawa walitetea hitimisho lao la jumla.

Kukosea ni ubinadamu. Linalonisumbua ni kwamba ukweli ulingoje miaka mitatu, kisha utegemee hisani ya mtu kujibu barua ya mwanafunzi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hesabu hizo zilikosa wengi.

Leo hatuna kisingizio. Majukwaa kama GitHub na GitLab humwezesha mtafiti kuweka hadharani programu iliyozalisha matokeo yake. Kila badiliko huandikwa: nani kalifanya, lini, na nini kilibadilika. Mtafiti wa Dodoma anaweza kuonyesha kosa katika kazi ya mwenzake wa Nairobi na kupendekeza sahihisho, mbele ya macho ya wote.

Wapo wanaohofia kuibiwa kazi. Kumbukumbu hiyo ya mabadiliko ni ushahidi mzuri wa nani alitangulia kuliko faili lililofichwa katika kompyuta ya ofisini. Wengine hutaja siri za wagonjwa au za kaya zilizohojiwa. Hoja hiyo ni nzito, lakini inahusu data. Programu inaweza kuchapishwa na data ikabaki chini ya ulinzi. Tahadhari moja ninaikubali: GitHub ni mali ya Microsoft tangu 2018, na maktaba ya taifa haijengwi katika kiwanja cha mtu. Kwa hiyo nakala ihifadhiwe pia katika hazina za kitaaluma kama Zenodo, inayoendeshwa na CERN, na katika vyuo vyetu wenyewe.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki viweke sharti: tasnifu yenye takwimu isipitishwe bila programu yake. Serikali nazo zisipokee ripoti ya mtaalamu mshauri ambayo hesabu zake haziwezi kurudiwa. Mwananchi anayeambiwa afunge mkanda kwa sababu ya tarakimu ana haki ya kujua ilivyopatikana.