Lubumbashi: Kotex peke yake haitamrudisha msichana darasani

Kila tarehe 28 Mei, siku ya kimataifa ya usafi wa hedhi, wasichana wa shule hugawiwa kotex katika miji mbalimbali ya Congo. Msaada huo ni mzuri. Lakini pakiti moja huisha haraka, na mwezi unaofuata msichana anarudi kwenye shida ile ile.

Mjini Lubumbashi, shida hiyo inaanzia chooni. Katika komini za Ruashi, Katuba na Kampemba, familia nyingi hutegemea visima, kwa kuwa maji ya REGIDESO hayafiki ao yanakatika. Shule za huko hazina bahati zaidi. Pale ambapo choo hakina maji, mlango wa kufunga wala pipa la takataka, msichana hana pa kubadilishia. Anaogopa doa kwenye sare, anaogopa kuchekwa na wavulana, basi anabaki nyumbani.

Hesabu ni nyepesi. Anayekosa siku mbili kila mwezi, kwa miezi kumi ya masomo anapoteza siku 20, yaani karibu wiki nne za darasa. Mtihani wa Taifa hautamuuliza kwa nini hakuwepo.

Wengine wanatumia vitambaa vya kufua. Vinapunguza gharama, lakini vinataka maji safi, sabuni na jua. Binti anayevianika mafichoni kwa aibu huvivaa vikiwa na unyevu, na hapo magonjwa yanaingia.

Je, kuondoa kodi kungetosha? Tanzania ilifuta kodi ya VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa sababu bei sokoni haikushuka. Kenya, iliyofuta kodi hiyo mwaka 2004, ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 2017 inaitaka serikali iwape bure wanafunzi wa kike wa shule za umma.

Kwa Lubumbashi, funzo liko wazi. Kotex inahitaji choo chenye maji na mlango, tena mwaka mzima. Kazi hiyo inagusa serikali ya jimbo, wakurugenzi wa shule na kamati za wazazi. Hata baba ana sehemu yake: pesa ya kotex ihesabiwe pamoja na daftari na kalamu, bila binti kuona haya kuiomba.