Vigae vya Hong Kong: Udongo unaweza kuokoa matumbawe?

Kigae kina pembe sita, upana wa kama sentimita 60, rangi ya chungu. Ukikitazama kwa juu utadhani ni ubongo: mikunjo inapinda na kurudi, mifereji midogo kila mahali. Mchoro wake ulitoka kwenye kompyuta, lakini umbo limeigwa kwa tumbawe lenyewe.

Julai 2020, Chuo Kikuu cha Hong Kong kilizamisha vigae 128 vya namna hiyo katika hifadhi ya bahari ya Hoi Ha Wan. Wasanifu majengo na wanabiolojia walishirikiana. Roboti inamimina udongo uzi juu ya uzi, kisha kigae kinaingia tanurini kwa nyuzi joto 1,125. Ni ufinyanzi uleule, ila hakuna mkono uliofinyanga.

Mikunjo si urembo tu. Adui mkubwa wa tumbawe changa ni tope: likilifunika, linalinyima mwanga. Hapa tope linatelemkia mferejini, na vipande vya tumbawe vilivyopandikizwa vinabaki juu. Samaki wadogo na kaa nao wanapata pa kujificha. Na udongo uliochomwa hauachi sumu baharini.

Kwa hiyo kazi ni nzuri, tena nzuri sana. Shida iko kwenye hesabu.

Vigae vyote 128 vilifunika mita za mraba 40 hivi, yaani sebule mbili tu. Halafu kuna joto. Maji yakichemka kupita kawaida, tumbawe hufukuza mwani unaolilisha, linapauka, na joto likikawia linakufa njaa. Aprili 2025, mpango wa kimataifa wa miamba ya matumbawe, ICRI, ulisema asilimia 84 ya miamba hiyo duniani ilikuwa imekumbwa na joto la kupausha tangu Januari 2023. Kigae hakipozi maji.

Penye mwamba uliovunjwa na nanga au kutafunwa na viumbe wengine, vigae vinasaidia kweli, mradi maji yenyewe bado yanavumilika. Lakini picha yake inapendeza kwenye simu, na mfadhili ataona rahisi kulipia vigae 100 kuliko kupunguza moshi wa viwanda vyake. Wanasayansi wa IPCC walishakadiria mwaka 2018: dunia ikiongeza joto kwa nyuzi 1.5, miamba ya matumbawe itapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Ikifika nyuzi 2, ni zaidi ya 99.