Afya ya mwanamke Shinyanga na Geita: Kinga ianzie nje ya hospitali

MIKOA ya Shinyanga na Geita inapotajwa, wengi hufikiria dhahabu. Wachache ndio wanaojiuliza kuhusu afya ya wanawake wanaoishi jirani na machimbo, kuanzia msichana, mama mjamzito hadi kikongwe. Ukiyachunguza matatizo yao utabaini kuwa mengi huanzia kwenye ndoa, kazi na jikoni, muda mrefu kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Tuanze na msichana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliiweka Shinyanga kileleni kwa ndoa za utotoni, ambapo takriban wanawake sita kati ya kumi wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Anayejifungua kabla nyonga hazijakomaa yumo hatarini kupata uchungu pingamizi na fistula. Aidha, kuanza kujamiiana mapema huongeza uwezekano wa kuugua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Swali ni nani anayeifikisha hukumu hiyo kwa mzazi ambaye tayari anahesabu ng'ombe wa mahari.

Kwa upande wa mama, takwimu za kitaifa zinatia moyo. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, vilishuka hadi 104 mwaka 2022. Lakini katika machimbo madogo ipo hatari isiyoonekana katika takwimu hizo. Wanawake hutwanga mawe, huosha mchanga na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki hiyo huchomwa ili dhahabu ibaki, pengine uani kwenye watoto. Mvuke wake hauna harufu, na sumu hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Hata hivyo, marufuku pekee hayatamsaidia mama asiye na riziki nyingine. Anahitaji kifaa cha kunasia mvuke huo, na muuguzi wa kliniki anayemuuliza anafanya kazi gani.

Mwisho ni kikongwe. Miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe humwachia macho mekundu. Usukumani macho hayo yamechukuliwa na baadhi ya watu kuwa dalili ya uchawi, na vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo. Hapa tatizo la kutibika limegeuzwa hukumu ya kifo.

Jiko lisilo na moshi, uchunguzi wa macho na elimu kwa vijana vingewanusuru wengi. Zahanati ni muhimu, lakini wazazi, wamiliki wa machimbo na viongozi wa vijiji wasipowajibika, zitaendelea kupokea wagonjwa ambao wangeweza kukingwa mapema.