Wastaafu wa Dar, Tushukeni Tutembee

Muulize mkazi wa Dar es Salaam aliyefika miaka sitini anatoka wapi. Aliingia mjini kijana, begi moja mkononi, akapanga chumba Magomeni au Temeke, akapata kazi, akajenga Mbagala au Tegeta, akasomesha hapa. Wajukuu zake hawajui kwingine. Hata hivyo atakujibu bila kusita: Njombe. Au Kilosa, au Bukoba. Dar kwake ni mahali alipokuja kutafuta maisha, na miaka arobaini baadaye bado anajihesabu kuwa yuko safarini. (Wazaramo na Washomvi, wenye mji tangu ulipoitwa Mzizima, watanisamehe. Hili haliwahusu.)

Mwaka 1967 jiji hili lilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima. Katikati ya hesabu hizo mbili tumo sisi tuliokuja, pamoja na wale tuliowazaa. Sasa kama sehemu kubwa ya umati huo ina kwao kwingine, nani atauliza pale jengo la maana linapovunjwa usiku? Nani ataona uchungu mkungu wa miaka themanini ukikatwa ili kupisha maegesho ya magari? Naandika kuwaomba wastaafu wenzangu tuwe wenyeji wa mji huu, hata kama tumechelewa. Waliobaki kazini hawana nafasi. Sisi tunayo.

Najua kinachotokea mtu akistaafu. Umri wa lazima wa mtumishi wa umma ni miaka sitini, ukitaka mwenyewe waweza kuondoka ukiwa na hamsini na tano. Unaagwa, unapigwa picha na zawadi, halafu miezi inapita mkijadili kikokotoo. Mafao yakitoka, washauri wanajaa sebuleni. Kila mmoja ana mradi, na mradi wenyewe ni kuku. Sina ugomvi na kuku, ingawa kideri kimemaliza viinua mgongo vya watu wengi ninaowafahamu. Wala simzuii anayetaka kurudi kijijini kwao kulima. Ombi langu ni kwamba kabla hujafunga mizigo, au kabla hujazama kwenye banda, uutazame kwanza mji uliokupa hiyo pensheni.

Kwa sababu, tuseme kweli, hatukuwahi kuutazama. Tuliamka saa kumi alfajiri tuwahi kabla ya foleni, tukarudi gizani tukiwa tumesimama, kwapa la mtu usoni. Jiji letu lilikuwa mfululizo wa vituo: Mwenge, Ubungo, Fire, Posta. Kilichokuwa kati ya kituo na kituo kilipita dirishani. Mtu amefanya kazi mjini kati miaka thelathini na hajawahi kuvuka geti la Makumbusho ya Taifa, na geti lenyewe liko hatua chache kutoka ofisini kwake. Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege juzi ameshaingia.

Basi tuanze na huko mjini kati, maana ndiko tulikokimbilia zaidi. Panda mwendokasi saa nne asubuhi, wenye haraka wakiwa wameshafika makazini, na ushuke Kivukoni. Feri bado samaki wananadiwa, na hapo pekee waweza kumaliza nusu saa ukisikiliza madalali. Kisha rudi polepole kufuata ufuo wa bandari. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara unaoonekana hata kutoka upande wa Kigamboni, lilijengwa na Wajerumani kati ya 1898 na 1902, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilikamilika miaka hiyo hiyo. Karibu nalo liko jengo la mawe ya matumbawe ambalo limeyatangulia yote hayo: Boma la Kale, la enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga mji hapa miaka ya 1860 na kufariki 1870, mji wenyewe haujasimama vizuri. Sasa Boma ni kituo cha urithi wa majengo, na ndani utaona ramani na picha za jinsi mitaa unayoijua ilivyopangwa, na nani alipangiwa kukaa wapi kwa rangi ya ngozi yake. Upanga na Oysterbay hazikuwa tofauti na Kariakoo kwa bahati mbaya.

Panda hadi kwenye Sanamu ya Askari. Wangapi tumepeana miadi pale, "tukutane Askari", bila kusogea tukasoma kilichoandikwa? Imeandikwa kwa Kiswahili pia. Sanamu ilisimamishwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipoutwaa mji mwaka 1916. Kati ya wanaokumbukwa hapo wapo pia wapagazi, waliobeba risasi na unga vichwani na kufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Kambi yao ndiyo iliyotupa Kariakoo. Kwa hiyo kila unapokwenda kununua vitenge Mtaa wa Kongo unakanyaga walipolala watu hao.

Hapo Kariakoo nataka tukae kidogo. Jengo la soko kuu lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo kabisa Waafrika katika ukanda huu, na Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Siku ukienda huna haraka, inua macho. Nguzo za zege zinapanda, zinapanuka, zinakuwa paa, hewa inapita chini yake bila feni. Ni akili ya mtu aliyejua kwamba soko letu lilianzia kivulini mwa mti. Soko lilipoungua Julai 2021 tulizungumzia hasara ya wafanyabiashara, na ilikuwa haki. Lakini niliwasikia wachache mno wakilililia jengo, na nadhani ni kwa sababu hatukuwa tumeambiwa kuwa ni la kuonewa fahari. Tulilijua kwa bei ya nyanya.

Toka hapo uelekee Lumumba. Ofisi za TANU zilikuwa hapo, na katika jengo hilo hilo, Oktoba 1961, kilianza chuo kikuu chetu na wanafunzi wachache wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Vuka Mnazi Mmoja, ilikofanyika mikutano ya kudai uhuru, utokee barabara ya Bibi Titi Mohamed. Barabara hii tunaijua kwa foleni tu. Mwenye jina alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha bomba, na alipoingia TANU mwaka 1955 alipita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake mtaa kwa mtaa, akawavuta wanachama ambao wanaume wenye tai wasingewapata. Kwenye barabara hiyo hiyo iko Maktaba Kuu, iliyofunguliwa Desemba 1967. Ina viti, ina magazeti, ina utulivu ambao nyumbani kwenye runinga tatu huupati.

Makumbusho sitayaeleza sana, nenda mwenyewe. Fuvu la Zinjanthropus, alilogundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lina makazi yake hapo, na magari ya Mwalimu yapo. Ukitoka, bustani ya miti ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 iko jirani, na kivuli chake hakilipiwi.

Na mjini kati si Dar yote. Nyumba aliyoishi Mwalimu Magomeni, Mtaa wa Ifunda, ni makumbusho, ndogo kuliko nyumba nyingi tulizojenga sisi wenyewe. Pugu, alikofundisha mpaka siasa zikamwondoa 1955, kuna shule yake na kuna msitu wa vilima ambao watu wa mjini wengi hawaamini kuwa uko mkoa huu. Msasani kuna wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta za madukani mwishoni mwa miaka ya 1960, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na ndugu zake na wanafunzi wake wakaendelea. Picha zao zimezunguka dunia nzima. Kwenye sebule zetu tumetundika kalenda ya benki.

Hadi hapa nimezungumza kama kwamba mstaafu anakwenda kupokea tu. Hapana. Kuna mambo ya mji huu ambayo hayamo katika makumbusho yoyote, yamo vichwani mwetu, na yatatoweka pamoja nasi. Wewe unakumbuka mabasi marefu ya UDA, Ikarus yenye kiungo katikati, na namna yalivyokuwa yakiinama kwenye kona. Unakumbuka chai maharage, abiria tukikaa tunatazamana. Unakumbuka Avalon, Empire na Empress, na Drive-In Cinema pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Foleni ya sukari na sabuni mapema miaka ya themanini, na mtu kupanga jiwe badala yake. Msako wa Nguvu Kazi mwaka 1983, ukitembea na kitambulisho cha kazi kama hirizi. Na usiku wa dansi: ulikuwa Msondo au Sikinde? Swali hilo peke yake linaweza kuwaweka watu wa umri wetu barazani hadi usiku wa manane, maana NUTA Jazz iliyozaa Msondo ilikuwapo tangu 1964, na Mlimani Park, ndio Sikinde wenyewe, ilipotokea 1978 mji uligawanyika karibu kama kwa Simba na Yanga.

Mjukuu wako hajui lolote kati ya haya. Anapita Msasani anaona ubalozi. Anapita Jangwani anaona maji ya mvua yamefunga barabara na anadhani ni balaa jipya, wakati mzee wa Magomeni anaweza kumwonyesha kwa kidole mto Msimbazi ulikuwa ukipita wapi na mafuriko yalikuwa yakifika mlango gani. Elimu hiyo si ya hadithi tu. Wahandisi na maofisa wa mipango miji wanaihitaji, ila hawawezi kuja kuitafuta barazani kwa kila mtu.

Kwa hiyo naomba mambo mahususi. Chagua mtaa mmoja unaoujua vizuri, uliokaa au uliofanya kazi, uutembee na kijana mmoja, wako au wa jirani. Mwambie palikuwa na nini, nani alikaa wapi, duka lilikuwa la nani. Yeye arekodi kwenye simu yake. Kama una picha za zamani kwenye bahasha, ziandike nyuma: mahali, mwaka, majina. Nenda kwenye mkutano wa serikali ya mtaa. Miaka yote ile tulisema tuko kazini, wakahudhuria wachache na kuamua kwa niaba yetu. Wewe unayejua kusoma taarifa ya mapato na matumizi ni hazina pale, na mwenyekiti atakuona msumbufu, mvumilie. Huko ndiko kwa kusemea viti vya kupumzikia, vivuli, vyoo vya umma vyenye maji, na njia za waenda kwa miguu ambazo sasa ni za bodaboda. Kuwaambia wazee watembee bila kuwapa pa kukaa ni mzaha.

Neno kwa upande wa akina mama. Baba akistaafu hupewa kiti cha kijiweni, na kahawa na kashata. Mama akistaafu, keshokutwa yake huletewa wajukuu watatu na kuambiwa, "Si uko nyumbani tu?" Kina mama waliokuwa wahasibu, wauguzi na walimu wakuu wanamalizia miaka yao mizuri jikoni kwa watoto wao. Kama huwezi kuwakataa wajukuu, watoke nawe. Kivuko cha Kigamboni kina nauli ndogo, na mtoto aliyewahi kupanda pantoni hasahau. Lakini kuna siku uende peke yako pia, na shoga yako, na wajukuu wabaki na baba yao.

Magoti yanauma, najua, na presha, na sukari. Tutembee kidogo kidogo. Mtaa mmoja kwa wiki unatosha, na wenzako wa kliniki ni kikundi tayari.

Na wewe kijana uliyesoma hadi hapa: Jumamosi hii usimtumie mama au mzee vocha. Nenda kamchukue. Mkae upande wa dirisha, mshuke anapotaka, na akianza kuonyesha kidole usimwambie umeshaona mtandaoni. Uliza pale palikuwa na nini. Nauli, na chakula cha mchana, ni juu yako.