Jina la babu yako halitajitafuta

Ndugu yangu kijana wa Garsen, Tarasaa, Kipini na Hola,

Pengine kwenu nyumbani kuna mzee ambaye hukwambia, "Babu yetu alienda vita vya Mzungu." Unaitikia "eeh", unarudi kwa simu yako. Leo weka simu chini kidogo.

Vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, Mwingereza alichukua wanaume wa Afrika Mashariki wambebee chakula na risasi. Kikosi hicho, Carrier Corps, ndicho kilichozaa majina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu.

Ukifika Nairobi, pita Kenyatta Avenue. Kuna sanamu ya wanaume watatu. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watakumbuka jina lake. Haya, tafuta majina pale. Hakuna hata moja!

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ripoti yake ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, kaa na mzee. Muulize jina la babu, la baba yake, la utani, alichukuliwa wapi na alifika wapi. Karani aliandika alivyosikia, kwa hivyo Abubakar tafuta pia kwa Bakari.

Pili, fungua sanduku la zamani. Kipande, picha, nishani. Nishani nyingi za vita vya kwanza zina jina na namba ukingoni. Piga picha kila kitu, na karatasi yenyewe isitoke nyumbani.

Tatu, kama alifia vitani, tafuta jina kwenye tovuti ya Tume hiyo. Ni bure. Baadhi ya waliokufa vita vya pili, wakiwemo waliozama na meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa Februari 1944, wamekumbukwa katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi.

Nne, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Faili lake mwenyewe huenda lisiwepo. Hapo tafuta kikosi chake, na ripoti za wilaya za miaka ile. Shajara za vikosi ziko Kew, London.

Na ofisi ya serikali ikikuzungusha, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari. Sheria ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, ubaki na nakala.

Utasema, haya ni ya kale, yanisaidie nini? Kijana Muislamu wa huku kwa miaka mingi alijua uchungu wa kufika kuomba kitambulisho akaulizwa, "Babu yako ni nani? Leta karatasi zake." Babu huyo alipotwishwa mzigo wa vita, hakuna aliyemuuliza yeye ni wa wapi.

Mzee anayejua habari hizi hana miaka mingi. Ijumaa hii mkitoka msikitini, pitia kwake. Beba daftari.