Ukifika Mwanza, Kula Kwanza

Sisi wa Butiama tumezoea wageni. Tangu Mwalimu Nyerere alipozikwa Mwitongo mwezi wa Oktoba mwaka 1999, si ajabu kuona gari la watu tusiowajua likipanda kwetu. Hushuka, huzuru kaburi, huingia katika makumbusho, hutazama majabali, kisha huuliza ni wapi pa kupata chakula. Hawaoni haya kuuliza. Lakini sisi wenyewe tukienda kwa watu, twaenda kama watoro. Twashuka stendi, twainamisha kichwa, twashika lile lililotupeleka, na twarudi nyumbani na njaa. Ukimwuliza mtu, "Mwanza kukoje?" atakujibu, "Mji ni mkubwa, una watu wengi." Basi, hiyo ndiyo habari yote aliyoileta kutoka safari ya kilometa zaidi ya 200.

Kweli, wengi wetu hatwendi Mwanza kwa matembezi. Twaenda kwa sababu ya Bugando. Hospitali ile, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya Maaskofu Wakatoliki nayo huendeshwa kwa ushirikiano na Serikali. Imesimama juu ya kilima, na mgonjwa aliyeshindikana kwingine katika nchi hizi za Ziwa hupelekwa huko. Watu wanaojiandaa kwa safari hiyo hupita ofisini mwetu parokiani kuuliza hili na lile. Huuliza habari za nauli, za barua ya daktari, za bima, za kitanda. Huuliza mgonjwa atakula nini. Juu ya chakula cha yule anayemwuguza, hakuna aulizaye.

Na hapa ndipo penye neno langu la leo. Mama aenda na mtoto wake, akaa huko majuma mawili. Asubuhi anywa chai ya rangi, jioni ala kipande cha mkate, maana asema fedha ni ya mgonjwa. Siku ya kumi kizunguzungu chamshika kwenye ngazi, na sasa wagonjwa ni wawili. Akina baba mnaobaki nyumbani, nawaambieni wazi: fedha ya chakula cha mwenye kuuguza ihesabiwe kabla ya safari, ifungwe peke yake katika leso yake, wala isichanganywe na fedha ya dawa. Najua neno hili ni gumu. Dawa ikipungua, mkono utaikimbilia leso ile. Lakini mgonjwa asiye na mtu wa kumsimamia amepungukiwa na jambo kubwa pia, na mwanamke mwenye njaa hawezi kumgeuza mtu mzima kitandani.

Basi tule wapi? Msiende kwenye nyumba zenye vioo na vitambaa vya meza ikiwa mfuko ni mwepesi. Mwanza ina mama lishe wengi, jirani na hospitali, karibu na masoko na karibu na vivuko, na kwa maoni yangu hao ndio wapishi wa mji. Usikae kabla ya kuuliza. Sema tu, "Shikamoo mama, sahani ya ugali na samaki shilingi ngapi?" Naye atakuambia, "Marahaba baba, karibu, inategemea samaki." Ndipo akuonyeshe: huyu bei yake hii, huyu bei yake ile. Nimewaona watu wakila kwanza na kuuliza baadaye, kisha wakabishana mbele ya watu. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo siziandiki hapa. Tazama vilevile penye walaji wengi, hasa mafundi na wachukuzi wa mizigo, maana watu wa kazi ngumu hawarudi mahali palipowaumiza tumbo. Tazama maji ya kuoshea sahani. Chakula kiwe cha moto, kitoke jikoni mbele ya macho yako.

Ugali wapatikana wa mahindi na wa udaga, kama kwetu. Wali na maharage ni chakula cha kila kona. Chapati, sambusa na chai ya maziwa havikosi, maana Wahindi wamekaa Mwanza miaka mingi na mkono wao umeingia katika mapishi ya mji. Ukiwakuta Wasukuma wakiuza michembe au matobolwa, nunua. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa: michembe hukatwa ikaanikwa mibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Haviozi njiani, na mtoto akitafuna matobolwa mawili na kunywa maji, amekula.

Lakini samaki ndiye hasa. Nendeni Kirumba, penye soko la Mwaloni, asubuhi mapema. Hapo ndipo utakapoelewa ziwa letu linakwenda wapi. Magunia ya dagaa yamepangwa kama matofali, mengine yangoja magari ya kuyavusha mpaka Kongo. Sangara mkubwa alazwa chini kama mtu amelala. Samaki huyu hakuwamo ziwani zamani. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akazaana, akawala furu wadogo ambao wazee wetu waliwajua kwa majina, hata aina nyingi za furu zimetoweka. Kisha vikaja viwanda. Minofu yake hukatwa Mwanza ikapelekwa ng'ambo, na mabondo yake, yaani kile kifuko cha hewa tumboni, hununuliwa kwa bei inayoshangaza ili yapelekwe China. Kinachobaki, kichwa na mifupa, huitwa mapanki, nacho huliwa na wenyeji. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, mtu wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, iliyoonyesha mambo hayo ya Mwanza kwa ulimwengu, na viongozi wetu wakaichukia sana. Mimi nasema hivi: kichwa cha sangara kilichochemshwa vizuri na nyanya na limau si aibu kwa mtu yeyote. Aibu ni kuzaliwa kando ya ziwa na kufa bila kuuonja mnofu. Ukiwa na fedha ya kutosha siku moja, agiza mnofu, au sato mzima wa kukaanga, ule pole pole.

Dagaa msinunue. Musoma wamejaa, tena wengine ni wale wale.

Sasa tuseme juu ya kutazama. Itakuja siku mmeambiwa mngoje majibu ya vipimo, au ndugu mwingine amefika kushika zamu kitandani. Msikae siku nzima kwenye ukuta wa hospitali mkihesabu magari. Teremkeni ziwani, upande wa Kamanga. Hapo katika maji yamesimama majabali yaliyobebana, na moja limekaa juu kana kwamba kidole kingeweza kuliangusha. Ndilo Jiwe la Bismarck. Wajerumani walilipa jina la waziri mkuu wao, aliyekusanya mataifa Berlin mwaka 1884 wakapatana namna ya kuigawana Afrika. Yeye mwenyewe hakuikanyaga Afrika kamwe. Jiwe lilikuwapo kabla yake na lipo bado, na kulitazama hakuna kiingilio.

Papo hapo mtaona vivuko vikienda Sengerema, na bandari haiko mbali. Wazee wa Musoma watakumbuka meli ya Victoria, iliyojengwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande na kuungwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilizunguka ziwa lote, na bandari yetu ya Musoma ilikuwa moja ya vituo. Meli hiyo ilikarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020. Pamoja nayo ilirudi nyingine ndogo, na hii itawafurahisha watoto wenu wanaosoma: ubavuni imeandikwa BUTIAMA. Meli yenye jina la kijiji chetu huenda Nansio, Ukerewe. Mwezi wa Februari mwaka 2023 ilishushwa majini kubwa zaidi, MV Mwanza, iliyoundwa papo hapo Mwanza kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo.

Kwa watoto hakuna kama kisiwa cha Saanane. Mashua hutoka Capri Point, na safari ni ya dakika chache tu. Kisiwa kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekaa pale zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Kuna swala, pundamilia, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, na ndege wengi. Utaniambia, "Karani, sisi twakaa jirani na Serengeti, pundamilia wa kisiwani wa nini?" Swali zuri. Lakini niambie, mtoto wako ameingia Serengeti mara ngapi? Kiingilio cha Watanzania ni kidogo kuliko cha wageni. Ulizeni katika ofisi ya hifadhi hapo Capri Point kabla ya kuwaahidi watoto. Wala msiwaache wakachezea maji ya ufukoni, maana kichocho kimo katika ziwa hili.

Soko la Makoroboi lafaa kupitiwa, ingawa kwa mkono mmoja juu ya mfuko. Jina lake latokana na mafundi waliofua vibatari vya mabati pale penye mawe. Daraja jipya la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwezi wa Juni mwaka 2025, lina urefu wa kilometa 3 hivi, nalo ni la ajabu. Lakini liko upande mwingine kabisa, njia ya Geita, na kwa mwenye mgonjwa ni mbali.

Mahali pawili vipo katika njia yetu wenyewe ya Musoma, na ni ajabu jinsi tunavyopita bila kugeuza shingo. Pa kwanza ni Igoma. Hapo ndipo walipozikwa wengi wa wale waliokufa katika meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Ilitoka Bukoba imejaa kupita kiasi, ikapinduka ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Makaburi yapo, na mnara upo. Anayepita akaomba kidogo hatapoteza muda mwingi.

Pa pili ni Bujora, karibu na Kisesa, kilometa 20 hivi kabla ya kuingia mjini. Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Mapadri Weupe kutoka Kanada, alianza kazi pale katika miaka ya 1950, akawaheshimu Wasukuma kwa mambo yao. Kanisa limejengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na jirani yake kuna makumbusho yenye ngoma na vifaa vya watemi. Kila mwaka, mwezi wa Juni, baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu, huchezwa Bulabo. Vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana, na ushindi ni wa yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Wachezaji wengine huja na chatu hai shingoni. Mwenye moyo mwepesi asimame nyuma. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sisi Wazanaki hatuna mahali kama hapo pa ngoma zetu, na sijapata jibu linaloniridhisha.

Mwisho, habari ya kurudi. Mabasi ya Musoma hutoka stendi ya Nyamhongolo, si Nyegezi. Mwenye bodaboda akikupeleka Nyegezi amekupeleka njia ya Shinyanga na Dar es Salaam. Lakini ikiwa mgonjwa amepona na ana nguvu, iko njia nyingine ambayo wachache huifikiria. Ulizeni bandarini siku moja kabla kama meli ya Nansio inasafiri, mkate tikiti dirishani, wala si kwa mtu aliyesimama njiani. Mkiona chombo kimejaa watu hata mlangoni, ngojeni kingine. Kule Ukara, mwezi wa Septemba mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama na watu zaidi ya 200 wakafa, hatua chache tu kabla ya kufika. Kutoka Nansio yapo magari ya kwenda Rugezi, na pale kuna kivuko cha kuvukia Kisorya. Ukishuka Kisorya umekwisha kufika Wilaya ya Bunda, na magari ya kwenda Bunda mjini yapo. Bebeni matobolwa, maana kivukoni huwa kuna kungoja.